Mama Amepanga Nyumba

Baba alinituma na swali moja tu: Mama anarudi lini. Alinirudilia hilo swali mara tatu siku ile nilikuwa nikifunga begi, halafu akanipa bahasha ya kaki.

"Usizungukezunguke," akasema. "Mimi najua vile wewe uko. Ukifika tu, umuulize. Ni lini. Halafu umwonyeshe ramani."

Vile niko ni kwamba sisemi. Niko kidato cha tatu na kuna walimu ambao mpaka leo hawajui sauti yangu. Wakiniuliza jambo darasani ninaangalia dawati mpaka wachoke wamchague mwingine. Kwa daftari ninasema sana, nafikiri hata kupita kiasi, lakini mdomoni maneno hukaa. Kunituma mimi niende nikamuulize mtu kitu kulikuwa kosa, na nilijua ni kosa, lakini hata hilo sikuweza kumwambia.

Mama alikuwa ameenda Ushelisheli, kule visiwani, kufanya kazi ya kusafisha vyumba katika nyumba ya wageni. Kandarasi ilikuwa ya miaka miwili. Miaka miwili ikaisha mwezi wa sita na hakuja. Badala yake alituma ujumbe wa sauti kwa simu ya Baba. Alisema yuko salama, kazi iko, halafu akasema: "Nimepanga nyumba. Si kubwa, vyumba viwili, lakini ni nzuri. Mtoto akifunga shule Novemba nitamtumia tikiti aje kidogo."

Baba aliusikiliza ule ujumbe akiwa kwenye foleni ya kupima chai, gunia likiwa miguuni. Akaurudia kwa sauti ya juu ili wenzake wasikie. "Amepanga nyumba!" akawaambia. "Mama huyu! Yuko pahari huko na akili yake iko hapa." Bahari, kwa ulimi wa Baba, ni pahari.

Lazima nieleze kidogo. Kwetu, upande wa Kimulot karibu na msitu, hakuna mtu anayepanga nyumba. Mtu akioa anajenga kwa shamba la babake. Kinachokodishwa ni shamba, na hapo tunasema kukodisha. Kwa hivyo kwa Baba, kupanga ni kukaa chini na kufikiria kitu utakachofanya kesho. Na yeye na Mama wamekuwa wakiongea Kiswahili tangu waoane, kwa sababu Baba ni Mkipsigis na Mama watu wake walitoka ziwani kuja kufanya kazi ya kiwanda cha chai. Kila mmoja alikuja na lugha yake, wakakutana kwa hii ambayo si ya yeyote kati yao.

Nyumba ndicho kitu Baba alikuwa amemwahidi kabla mimi nizaliwe. Miaka hiyo yote tulikaa kwa boma la nyanya, tunamwita Kogo, katika nyumba ya udongo iliyo nyuma ya nyumba yake, na Mama alipikia jikoni kwa Kogo. Kwa hivyo Baba aliposikia "nimepanga nyumba," alisikia Mama anamkumbusha. Kesho yake akachukua jembe na shoka akaanza kung'oa chai.

Mtu asiyetoka kwetu hawezi kujua hiyo ni nini. Chai haing'olewi. Ile miche ilipandwa na babu yangu, mizizi yake ni minene kama mkono, na mtu akikuona unaing'oa anafikiri umepoteza akili au umeuza shamba. Baba aling'oa laini tatu ndiyo apate mahali pa kuweka msingi. Ilimchukua mwezi mzima. Majirani walikuwa wakisimama kwa ua wanamtania. "Sasa utakunywa maji ya moto?" Naye anajibu, "Bibi yangu amepanga nyumba, mimi ni nani?"

Mimi nilijua. Niliusikiliza ule ujumbe peke yangu nyuma ya zizi na nikajua papo hapo, maana shuleni tuna rafiki zetu wa Kericho mjini ambao wazazi wao wanapanga, wanalipa kila mwezi. Nilijua Mama amechukua nyumba huko. Nilimpelekea Baba chai pale shambani, nikasimama na kikombe, nikafungua mdomo. Alikuwa ameshika shina moja anavuta, shati limelowa, anacheka. Nikamwachia kikombe nikarudi. Laini ya kwanza ilikuwa haijaisha. Ningesema siku ile, zingebaki mbili na nusu.

Ndege sitaieleza. Niliketi na bahasha mapajani, na mtu wa kando yangu aliponiuliza naenda kutembea au kusoma, nilisema ndiyo.

Nilifika wakati ule wa mwaka ambao watu wa kule wanangoja mvua. Joto lilikuwa limesimama mahali pamoja. Bahari ilikuwa imetulia kama maziwa yaliyopoa yakashika utando, na mawingu yalikuwa yakijikusanya juu ya mlima kila alasiri na kutawanyika bila kutoa hata tone. Kwetu mvua haina adabu hivyo. Ikitaka kunyesha inanyesha.

Mama alinipokea akiwa amevaa suruali, nywele amezikata fupi kabisa. Sikumtambua mpaka aliponiita.

"Yawa, nyathina! Umekuwa mrefu hivi? Nani alikuruhusu?"

Nyathina ni mtoto wangu, kwa lugha ya watu wake. Akanikumbatia akacheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko kile nilichokuwa nikikumbuka.

Nyumba ilikuwa kwenye mteremko, vyumba viwili kama alivyosema, paa la mabati mekundu, na nyuma yake jiwe moja kubwa kushinda nyumba yenyewe. Alizitoa funguo shingoni, zilikuwa kwa kamba, akafungua akasimama kando ili niingie kwanza. Alinionyesha kila kitu. Hili ndilo jiko, la gesi. Hapa ndipo maji. Pazia nilishona mwenyewe. Kulikuwa na sahani mbili, vikombe viwili, na viti viwili, cha mbao na cha plastiki.

"Keti," akasema. Nikaketi kwa kile cha plastiki. "Hicho ni cha kuazima," akasema. "Nilikiomba kazini kwa sababu yako. Ukienda nakirudisha."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananieleza tu. Lakini hapo ndipo ningeuliza swali la Baba, nilikuwa nalo kabisa kinywani, na nikaomba maji.

Siku zilizofuata nilienda naye kazini. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mama mzee mwenye kofia ya ukindu, na kila asubuhi alitoka kwenye baraza, akaangalia mlima, akasema, "Lapli pe vini." Ni Kikrioli, mvua inakuja. Ilikuwa kazi ya haraka kweli. Wafanyakazi walikuwa wanatoa majani kwenye mifereji ya paa, wanakata matawi yaliyoegemea nyumba, wanapaka dawa ukutani ili kuvu isishike. Mimi na Mama tulitoa magodoro yote nje yaote jua, tukayageuza, tukayarudisha, kwa sababu mvua ikishaanza kule hakuna kinachokauka tena kwa miezi. Tulifua mapazia. Tulianika mashuka mpaka ua wote ukawa mweupe.

Nilichoshangaa ni Mama anavyoongea. Kikrioli chake kilikuwa kinakimbia. Alikuwa akitaniana na mtu wa kukata matawi, akibishana na muuza mboga, akimjibu yule mama mzee mpaka mama mzee anapiga paja. Kwetu alikaa miaka kumi na minane na Kikipsigis chake kiliishia kwa salamu. Watu walisema ni kiburi. Mimi pia nilikuwa nikifikiri Mama ni mtu wa kunyamaza kama mimi, kwamba nilirithi kwake.

Yule mtu wa matawi alimuuliza kitu akinionyesha kwa panga, wakacheka.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema ulimi wako umebaki kwa ndege. Ati twende tuulize pale wanaweka mizigo iliyopotea."

Hata mimi nilicheka kidogo.

"Huku wananiita Mama Chai," Mama akaniambia tukikunja mashuka. "Mtu akinunua chai ananiletea nionje. Kwenu nilikuwa mtu wa samaki. Mimi niliyezaliwa Kericho, hata kuogelea sijui. Watoto wa jirani wakipita walikuwa wanaziba pua, unakumbuka?"

Nilikumbuka. Sikusema kwamba shule ya msingi, mara moja, niliziba pua pamoja nao.

Jumapili baada ya kanisa tulipanda basi mpaka juu mlimani. Nilikuwa nimesikia kuna chai huko, na nilitaka kuiona, sijui kwa nini. Labda nilifikiri tukiwa kati ya chai swali litatoka lenyewe. Ilikuwepo kweli, sehemu ndogo kwenye mteremko mkali, na chini yake unaona bahari. Chai na bahari mahali pamoja, nilihisi kama mtu amekosea kuweka. Nilishuka kwa mtaro wa kando ya barabara nikafika kwa miche. Vidole vyenyewe vikachuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kabla sijafikiria.

Mama hakushuka. Alisimama kando ya barabara ameipa chai mgongo, anaangalia upande wa gari zinatoka.

"Wacha," akasema bila kugeuka. "Si yetu hiyo."

"Ni kidogo tu."

"Mimi nilichuma chai mpaka kucha zikabadilika rangi. Siwezi kupanda basi siku yangu ya kupumzika nije kuiangalia. Nimekuja kwa sababu ulitaka. Umeiona?"

"Nimeiona."

"Haya, twende."

Nikatupa yale majani. Kwenye basi nilihesabu siku nilizobakisha. Zilikuwa nne.

Ilibidi nitoe ramani siku ya mwisho kabisa, saa tisa hivi, Mama akipiga mashuka ya wageni pasi nyumbani kwake. Nilikuwa nimeiweka chini ya nguo kwa begi wiki mbili. Niliiweka mezani bila kusema kitu. Ilikuwa karatasi ya daftari langu la hesabu, zile za miraba, nne zimeunganishwa kwa gundi. Baba hakusoma sana lakini alikuwa amepima kila kitu kwa hatua na kuandika. Vyumba vitatu. Sebule. Jiko ndani ya nyumba. Kando ya jiko alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, YA MAMA.

"Ni nini hii?"

"Ramani. Baba alichora."

"Ya nini?"

"Ya nyumba. Ile ulisema umepanga."

Mama alisimamisha pasi. Akaangalia karatasi, halafu akaangalia kuta zake, pazia lake, mlango.

"Lakini nyumba ndiyo hii," akasema.

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua tangu ulipotuma."

"Na hukumwambia?"

"Nilishindwa."

Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Aliketi. "Amefika wapi?"

"Ameng'oa laini tatu."

"Ya chai? Yeye?" Akaweka mkono mdomoni. "Na nini?"

"Jembe na shoka. Peke yake. Amechimba na msingi, mawe yamekuja nusu."

Akaivuta ile karatasi karibu. Halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo natamani asingekifanya. Alichukua penseli yangu.

"Jiko haliwezi kukaa hapa," akasema. "Upepo wa kwenu unatoka msituni, moshi wote utaingia chumba cha kulala. Lihamie huku. Na hii dirisha ni ndogo sana, mtu anaosha vyombo ataona nini?" Akafuta, akachora dirisha kubwa. Akasogeza mlango wa nyuma uangalie zizi. Alipima kwa kidole. Ulimi ulikuwa umemtoka kidogo pembeni, vile hufanya akishona. Nilifikiri, anarudi. Mtu hawezi kuhamisha jiko la nyumba asiyokusudia kupikia. Na kwa sababu nilifikiri hivyo, kwa mara ya kwanza swali likatoka.

"Utarudi lini?"

Penseli ikasimama.

"Sirudi, nyathina."

Nje mtu alikuwa anapita akiimba. Tulingoja apite.

"Baba alikukosea?"

"Hajanikosea. Angekuwa amenikosea ingekuwa rahisi, ningewaambia watu na wangeelewa." Alikuwa anaongea polepole. "Nilikaa kwa jikoni ya mtu miaka kumi na minane. Hata chumvi naomba. Kila mwaka ananiambia tutajenga chai ikilipa. Sasa nimezoea kufungua mlango wangu na kufuli yangu. Sina sababu nyingine. Ni hiyo tu, na naona aibu kuisema."

"Lakini sasa anajenga."

"Ndiyo. Na ni nyumba nzuri. Mwambie ajenge."

"Na mimi?"

"Wewe umalize shule. Utakuwa ukija likizo." Akanirudishia penseli. "Umwambie wewe. Mimi nikimpigia, nikianza tu kusema, ananiambia mtandao ni mbaya anakata."

Nilitaka kusema kwamba amechagua mtu asiyefaa, kwamba hata yeye anajua vile niko. Akainua pasi, ikawa imepoa, akaenda kuiwasha tena.

Siku ya kuondoka mvua ilikuwa bado haijaja. Mama aliniacha mlangoni mwa uwanja wa ndege kwa sababu zamu yake ilikuwa inaanza.

Kwetu nilikuta inanyesha tangu juzi. Baba alikuwa amenisubiri stendi ya Litein chini ya mwavuli, na njia yote aliniuliza mambo mengine. Ndege inatikisika? Pahari inanuka? Wanakula nini? Nilijibu moja moja. Hakuuliza lile lake, na mimi nikaona labda anaogopa, halafu nikaona hapana, anajiwekea, kama mtu anayeacha nyama iwe ya mwisho.

Tulipoingia kwa Kogo, kabla sijavua viatu, akanyoosha mkono. Nikampa bahasha. Akafungua ile karatasi mezani, akainama, akaona penseli.

"Ameguza!" akasema. "Angalia. Amehamisha jiko. Ameweka na dirisha kubwa. Nilijua tu, hiyo jiko ilikuwa inanisumbua. Si unaona? Mtu wangu ana akili."

"Baba."

"Huu mlango unaangalia zizi. Ndiyo! Ndiyo hivyo."

"Baba, harudi."

Alibaki ameinama.

"Amesema harudi," nikasema. Nilikuwa nimeanza na nikaona nisipomaliza sitamaliza kamwe. "Nyumba aliyosema amepanga ni ya huko. Analipa kila mwezi. Kupanga ni hivyo pia. Mimi nilijua kutoka mwanzo na sikukwambia. Unisamehe. Amesema hujamkosea. Amesema ujenge, lakini yeye harudi."

Sijawahi kumwambia maneno mengi hivyo kwa mara moja. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini ilitoka yote.

Kogo alikuwa kwa kigoda chake karibu na moto. Kiswahili hasikii, ila maneno mawili matatu ya sokoni. Aliona uso wa Baba akauliza kwa Kikipsigis, mtoto amesema nini? Mama yake anasemaje?

Baba alianza kukunja ile karatasi, taratibu, kwa mikunjo yake ya zamani. Nilimwangalia mikono. Halafu akamjibu kwa Kikipsigis, sauti yake ya kawaida kabisa.

"Anasema mama yake atakuja kazi ikiisha. Ameipenda nyumba."

Kogo akanigeukia. "Ni kweli?"

Kikipsigis ninakijua tangu nizaliwe. Maneno yote ya kusema hapana ninayo. Baba hakuniangalia.

"Ni kweli," nikasema.

Kogo akasukuma kuni motoni. Halafu akasema jambo ambalo sikuwahi kumsikia akisema. Kwa mila yetu, bibi arusi akiletwa nyumbani husimama mlangoni akakataa kuingia mpaka watu wa mume wamtajie ng'ombe watakayempa. Mama alipoletwa, Kogo alikuwa hamtaki mtu wa ziwani, akanyamaza, na Mama baada ya kusimama sana akaingia hivyo hivyo. Mimi hii habari sikuwa nimewahi kuisikia. Kogo alinieleza akiangalia moto.

"Akija kwa hiyo nyumba mpya," akasema, "asimame mlangoni tena. Nitamtajia. Mitamba zizini ni wawili. Wewe umetoka kwake, unajua roho yake. Atataka yupi?"

Nilimngoja Baba aseme kitu. Alikuwa ameweka bahasha ndani ya koti na anavaa gambuti aende kukamua.

"Yule mwekundu," nikasema.